Duka la mapazia linaniishia mikononi, na mume wangu anataka kulitilia mkupuo wake

Dada Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 48, mkazi wa Morogoro, na huu ni mwaka wa 13 tangu nianze biashara ya mapazia, mashuka, mazulia na vitu vingine vya kupendezesha nyumba. Nilianza na cherehani moja na majora manne ya kitambaa kwenye kibaraza cha nyumba tuliyokuwa tumepanga, baadaye nikaajiri fundi, na mwaka 2018 tukahamia kwenye fremu kubwa ya mjini yenye vioo mbele, nikaongeza binti wa kuuza. Ukipita Kihonda au Bigwa jioni, wakati taa zimeshawashwa na watu hawajavuta mapazia, ninaweza kukuonyesha nyumba moja baada ya nyingine na kukuambia tulishona mwaka gani.

Duka lilianza kuyumba mwaka 2023. Dola, ambayo mwanzoni mwa mwaka huo ilikuwa karibu shilingi 2,300, ilipanda hadi ikavuka 2,600 mwaka uliofuata, na kwa kuwa vitambaa na duveti tunazouza hutoka China, Uturuki na India, kila nilipokwenda kufunga mzigo Kariakoo nilikuta bei mpya. Nilipopandisha bei wateja walipungua, nilipoishusha faida iliisha. Kisha Juni 2024 ikaanza treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na hapa Morogoro. Siilaumu, hata mimi huipanda, lakini kwa nauli ya shilingi 13,000 na safari isiyofika saa mbili, mteja wangu sasa anaondoka asubuhi, ananunua Kariakoo kwa bei inayokaribiana na ile ninayonunulia mimi, na usiku anakula chakula nyumbani kwake.

Nikupe kisa kimoja ambacho bado kinaniuma. Mwezi Novemba aliingia mama mmoja, mwalimu wa sekondari, akaishika duveti ya rangi ya udongo, akaipapasa, akaomba nimkunjulie yote juu ya meza, akaipiga picha pamoja na lebo yake. Nilimtajia shilingi 85,000, akasema atarudi. Kweli alirudi Jumatatu iliyofuata, akiwa na duveti ya aina ileile kwenye mfuko wake wa zipu, ameinunua Kariakoo kwa 62,000, akaiweka juu ya meza yangu ileile ili fundi wangu amtafutie kitambaa cha pazia kitakachoendana nayo. Nilimhudumia kwa uchangamfu, na alipotoka nilikwenda nyuma ya majora nikalia.

Hesabu zangu ni hizi, kwa wastani wa miezi sita iliyopita. Vitu vilivyo tayari, yaani mashuka, duveti, mito na mazulia, huuzwa kwa jumla ya shilingi 2,100,000 kwa mwezi, na kuvinunua pamoja na usafiri hunigharimu 1,750,000. Mapazia ya kushona huingiza 1,900,000, na vitambaa, pete, fimbo na uzi hula 1,050,000. Pango ni 450,000 kwa mwezi, ninalilipa kwa miezi sita, na awamu inayofuata ni mwanzoni mwa Aprili. Fundi namlipa 350,000, binti 220,000, umeme na ulinzi 100,000. Nikimaliza yote hayo ninabaki na shilingi 80,000, na hapo sijagusa makadirio ya kodi ya serikali wala rejesho.

Rejesho ndilo jambo ambalo nyumbani hakuna anayelijua. Mwezi Oktoba, ili nilipe pango, nilikopa shilingi 3,000,000 kwa wakopeshaji ambao mtaani tunawaita kausha damu. Ninarejesha 180,000 kila Jumanne kwa wiki 26, na zimebaki wiki 14. Nilipoanza kushindwa, nilichukua 1,200,000 kwenye VICOBA yetu, yaani kikundi chetu cha kuweka na kukopa, ili nilipie marejesho hayohayo, na muuzaji wa jumla Kariakoo ananidai 900,000 za mzigo. Mali yote iliyomo dukani, kwa bei ya kununulia, haifiki shilingi milioni 8, wakati mwaka 2021 ilikaribia milioni 19. Siku za Jumanne simu yangu hukaa ndani ya droo ya cherehani ili mtu asiisikie ikiita. Juzi afisa wa taasisi nyingine ya mikopo aliniahidi shilingi 10,000,000 ndani ya siku tatu nikiweka dhamana hati ya nyumba tunayoishi, na nilipomwambia kwamba hati ina jina la mume wangu, alijibu kwamba suala la sahihi yake linazungumzika.

Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na anastaafu mwezi Juni akiwa na miaka 60. Ni mtu mpole. Mwezi uliopita, tukiwa mezani, alisema mbele ya watoto kwamba hatanunua bodaboda wala hatajenga vyumba vya kupangisha kama wenzake, bali mkupuo wake wote, yaani fedha za kustaafu anazolipwa kwa mara moja, atauweka kwenye duka langu, ili tuzeeke nalo pamoja. Watoto walipiga makofi. Mimi nilishindwa kumeza tonge.

Ndugu zangu wawili, wanaojua kwamba biashara ni ngumu ingawa hawajui habari za madeni, wananishauri nimwondoe fundi kwa kuwa ndiye gharama kubwa zaidi baada ya pango, nilete mapazia yaliyoshonwa tayari kutoka Kariakoo. Fundi huyu nipo naye mwaka wa 11. Hakubali kupinda pazia siku ya kwanza. Hulitundika kwenye dirisha la mteja, huliacha lilale usiku mmoja lijivute, kisha kesho yake hurudi na pini mdomoni kupima upindo, kwa sababu anasema sakafu za nyumba zetu haziko sawa. Mshahara wa mwezi uliopita nilimpa nusu, na hakusema neno.

Dada, nifanye nini? Nifunge kabla ya Aprili? Nimwondoe fundi? Au ninyamaze hadi Juni, mkupuo uingie, nilipe madeni yote kimyakimya na kuanza upya bila mume wangu kujua kwamba niliwahi kuzama?

Mama wa Mapazia, Morogoro

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Kulia nyuma ya majora kisha ukafuta uso na kurudi mezani kuuza ni mzigo mzito, na umeubeba peke yako tangu Oktoba. Barua yako niliisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma nikiwa na kalamu, kwa sababu nilihisi kwamba maneno yako yanasema jambo moja na hesabu zako zinasema jambo jingine.

Kama nimekuelewa, una tarehe tatu zinazokukaba: Jumanne ya kila wiki, Aprili ya pango, na Juni ya mkupuo. Kwa kuwa zimefuatana hivyo, zimekufanya uone kana kwamba njia ni kushika pumzi hadi Juni au kufunga sasa. Mimi ninaona maswali mawili yaliyosokotana. La kwanza ni la biashara, yaani kama duka hili linaweza kujilisha lenyewe bila fedha ya mtu yeyote. La pili ni la nyumbani, yaani kama unaweza kuendelea kulibeba kwa siri. Ninaomba tuyatenganishe kwanza, maana mkupuo ukiingia kabla hujalijibu lile la kwanza, utalipa madeni ya leo na kuacha wazi tundu lililoyazaa.

Hesabu umenipa mwenyewe, lakini umezipanga kama za duka moja, na mimi ninaona maduka mawili yanayoishi kwenye fremu moja. Mapazia yanabakiza 850,000 baada ya kulipia vitambaa, pete, fimbo na uzi, na ukimlipa fundi zinabaki 500,000. Vitu vilivyo tayari vinabakiza 350,000, na ukimlipa binti zinabaki 130,000. Sasa tugawe pango. Sijaliona duka lako, ila mashuka, duveti na mazulia hula nafasi kubwa, tena ndivyo vinavyohitaji vioo vya mbele, wakati meza ya fundi ingeweza kukaa hata uani. Tukichukulia kwamba vitu hivyo vimekalia theluthi mbili ya fremu, vinapaswa kubeba 300,000 za pango, na hapo vinakutia hasara ya 170,000 kila mwezi. Mapazia yakibeba 150,000 zilizobaki, yanakuachia 350,000. Hasara ya upande mmoja inamezwa na faida ya upande wa pili, umeme na ulinzi vinachukua chao, na ndiyo maana mwisho wa mwezi unashika 80,000 na kuamini kwamba kila kitu kinakufa. Haya ni makadirio yangu, na yana upungufu: huenda binti hutumia nusu ya siku yake kupokea oda za mapazia, na huenda anayekuja kununua mito huishia kuagiza pazia. Hayo unayajua wewe.

Hata hivyo, yatosha kunifanya niuogope ushauri wa ndugu zako. Ninaamini wanakupenda, na mtu anayetazama orodha ya matumizi peke yake lazima ataanza na mshahara mkubwa. Lakini anayeondoa 350,000 za fundi anaondoa pia 850,000 zinazoletwa na mikono yake. Na mapazia yaliyoshonwa tayari yatakuweka palepale ilipo ile duveti, yaani kwenye bidhaa ambayo mteja ataipiga picha kwako na kuinunua Kariakoo.

Turudi kwa yule mwalimu. Umeiona safari yake kama dharau, na sikulaumu, kwa kuwa kuona duveti ya mtu mwingine juu ya meza yako si jambo dogo. Lakini alikuwa Kariakoo siku ile, mahali ambapo angekuta mapazia ya kila rangi, na bado alirudi Morogoro kutafuta pazia kwako. Duveti ya vipimo vya kitanda chake inauzwa popote, ila dirisha lake halipandi treni. Alihitaji mtu atakayekwenda nyumbani kwake, apime, atundike, arudi kesho yake na pini mdomoni. Je, inawezekana kwamba treni imekunyang'anya biashara moja tu kati ya mbili ulizokuwa nazo, na kwamba unaomboleza zote mbili?

Ikiwa kuna ukweli hapo, pango la Aprili linakuwa swali la namna nyingine. Unaweza kuuza polepole vitu vilivyo tayari hadi viishe, ukaachia fremu ya vioo, ukatafuta ndogo mtaa wa ndani au hata kurudi kwenye kibaraza, na kufanya kazi kwa oda, ambapo mteja anatoa nusu ya fedha kabla kitambaa hakijakatwa, ili jora linunuliwe kwa fedha yake badala ya mkopo wako. Hosteli zilizo karibu na vyuo vikuu vya SUA na Mzumbe, nyumba za wageni, na zile za kulala watalii kwenye barabara ya Mikumi zote zina madirisha mengi, na fundi anayekwenda kupima si rahisi kumpata kwa picha ya simu. Hatari zake nazo ni za kweli. Duka lisilo na vioo halionwi na wapita njia, na unaweza kupoteza wateja ambao hukujua kwamba waliingia kwa bahati. Mteja mkubwa naye huwa na desturi ya kuchelewesha malipo, na hoteli moja ikikucheleweshea miezi miwili inaweza kukuzamisha kuliko walivyofanya kausha damu. Mali ya milioni 8 ukiiuza kwa haraka haitakupa milioni 8. Tena kuna macho ya watu, ambayo nisingependa kuyadharau: kurudi kibarazani baada ya miaka ya vioo kutasemwa, na utahitaji moyo wa kusalimia huku ukisikia. Na binti je? Ana haki ya kusikia mapema kutoka kwako.

Kufunga kabisa pia ni njia ya halali, na sitaki uione kama kaburi. Ila ihesabu kwa ukamilifu. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mfanyakazi anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku zisizopungua 28, unapaswa kuzungumza naye kabla ya kumpunguza, na kiinua mgongo chake ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, hadi miaka 10. Kwa fundi wako hiyo ni siku 70, zaidi ya mshahara wa miezi miwili. Ukifunga, utayakuta hayo pamoja na madeni yako, ambayo kwa hesabu yangu ni 4,620,000, na wakati huo hutakuwa na pazia hata moja linaloingiza fedha ya kuyalipa. Ile nusu ya mshahara usiyompa bado ni deni, hata kama yeye hadai. Nimewaza sana kuhusu ukimya wake. Wewe umeuchukua kama uvumilivu, na huenda ndivyo ulivyo, lakini mtu aliyefanya kazi na wewe miaka 11 anajua mzigo umepungua kwenye rafu na anajua kwa nini simu inalala kwenye droo ya cherehani anayoishonea. Huenda siri yako ina mlinzi ambaye hukumwajiri kwa kazi hiyo.

Sasa deni lenyewe. Wiki 26 za 180,000 ni shilingi 4,680,000, maana yake kwa mkopo wa milioni 3 unalipa riba ya 1,680,000, sawa na asilimia 56 kwa miezi sita. Mkopeshaji wa namna hii anatakiwa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na Benki Kuu imewawekea watoa huduma wa daraja la pili, yaani wakopeshaji wasiopokea amana, ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa kiwango hicho, hata riba ingetozwa juu ya mkopo wote bila kupungua kwa miezi yote sita, isingezidi 630,000. Una haki ya kuomba nakala ya mkataba na taarifa ya maandishi ya kiasi kilichobaki, na kuangalia kama jina lao limo kwenye orodha ya wenye leseni inayotolewa na Benki Kuu, na ikiwa wamevuka ukomo, unaweza kupeleka malalamiko yako huko ukiwa na risiti. Hatari yake unaijua bila mimi kukuambia: ukianza kuuliza maswali, wanaweza kuja nyumbani. Lakini ona hapo nguvu yao inatoka wapi. Wiki 14 zilizobaki ni shilingi 2,520,000, na tishio lao kubwa ni kwamba mume wako hajui.

VICOBA na muuzaji wa jumla ni watu wa aina nyingine. Mwenyekiti wa kikundi akisikia kwako kabla ya siku ya mkutano, mara nyingi hupatikana nafasi ya kupanga upya, na mwenye mzigo Kariakoo huenda akakubali kurudishiwa bidhaa ambazo hazijafunguliwa. Makadirio yako ya kodi nayo, kama bado yanafuata mauzo ya miaka mizuri, unaweza kuomba yaangaliwe upya ukiwa na daftari na risiti za mashine. Kuhusu ile mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo asilimia 4 yake ni ya vikundi vya wanawake, iulize kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, ila ukumbuke kwamba ni ya kikundi na ni ya kuzalisha. Ukiiingiza kwenye marejesho ya Jumanne utakuwa umewabebesha wenzako shimo lako.

Kuhusu hati ya nyumba sitazunguka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa mmoja kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na sahihi inayozungumzika ni jina jingine la kughushi. Afisa aliyekuambia hivyo amekuonyesha yeye ni mkopeshaji wa namna gani. Katika barua yote, hapo ndipo nilipokuogopea.

Ninafika kwa mwalimu wako wa nyumbani, mume wako, ambaye nadhani ndiye uliyekuwa ukimwandikia ulipokuwa ukiniandikia mimi. Umeamini kwamba akijua atavunjika, au atakuona umemvunjia. Huenda ni kweli, kwa kuwa wewe ndiye unayemjua. Lakini ninaomba uyapime maneno yake ya mezani. Alisema anataka mzeeke na duka pamoja. Kwa upande wake duka lile tayari ni la wawili, na wewe ndiye unayelibeba kama la mmoja. Mkupuo hulipwa mara moja tu. Hata baada ya kiwango chake kupandishwa kutoka asilimia 33 hadi 40 ya mafao katika bajeti ya 2024/25 kwa kundi ambalo walimu wa serikali wamo, kinachobaki huja kidogokidogo kama pensheni ya kila mwezi, na mtu wa miaka 60 hana miaka mingine 35 ya kuurudisha. Ukinyamaza hadi Juni, atakuwa ameamua jambo kubwa kuliko yote ya uzee wake akiwa amefumbwa macho, na aliyemfumba ni mtu anayempenda. Mkitokea kufanikiwa, utaishi na siri. Mkitokea kushindwa, ataijua siku ambayo hakuna kilichobaki cha kupanga.

Kumwambia nako si dawa isiyo na uchungu. Anaweza kukasirika, tena mtu mpole akikasirika hukaa kimya siku nyingi, na kimya hicho huumiza. Anaweza kubadili mawazo na kujenga vile vyumba vya kupangisha, na itakubidi umkubalie. Anaweza pia kufanya linaloonekana jema, akasema tulipe yote Juni na tusahau, ilhali ile hasara ya 170,000 bado inakula kila mwezi chini ya mazulia, na baada ya mwaka mtajikuta mnakopa tena, safari hii bila mkupuo wa kusubiri. Ikiwa unaona huwezi kuanza peke yako, je, hayupo dada yake, mshenga wenu wa zamani, au kiongozi wa dini mnayemheshimu wote wawili, anayeweza kukaa nanyi bila kuchukua upande? Na kama utaanza peke yako, jiulize kwanza unachokificha ni kipi hasa. Deni lina tarakimu na linahesabika. Ulilolitaja wewe mwishoni mwa barua ni kwamba asijue uliwahi kuzama, na hilo si deni, ni aibu. Dola haikupandishwa na wewe wala reli hukuijenga wewe. Uliloamua wewe ni kukopa mahali pabaya ili mlango usifungwe, na hilo linasemeka kwa mtu mliyelea naye watoto.

Kuna jambo moja nililiona nilipokuwa nikisoma, na ninakurudishia bila kujua litakupeleka wapi. Sehemu ulizoandika kwa furaha ni mbili: madirisha ya Kihonda na Bigwa jioni, na fundi anayeliacha pazia lilale usiku mmoja. Mashuka, duveti na mazulia umeyataja kwa hesabu na kwa machozi tu. Kama usingekuwa na deni lolote, na kama watoto wasingepiga makofi, ni lipi kati ya maduka hayo mawili ambalo ungependa kuzeeka nalo?

Sikuambii ufunge, wala sikuambii usifunge, kwa sababu anayejua uzito wa kila kimoja ni wewe, na karibuni, Mungu akijalia, huenda mkawa wawili. Lakini makadirio yangu ya theluthi mbili yananisumbua, maana nimejenga maneno mengi juu yake. Jioni moja, duka likishafungwa na binti ameondoka, mlipe fundi sehemu yoyote utakayoweza ya ile nusu yake, kisha toa futi mlipime duka, upande wa majora na upande wa mashuka, yeye ashike ncha moja na wewe ushike nyingine. Kama ataanza kusema kitu, mwache aseme. Halafu niandikie uniambie mmepata ngapi.